Wanawake wa Ahmedabad na Siku ya Ugonjwa

Sisi walimu tuna kitabu kimoja ambacho watu wengi hawakijali, nacho ni daftari la mahudhurio. Kila asubuhi twaita majina na kutia alama, na mtoto asiyekuwapo twamwandikia sifuri. Mtu akilitazama daftari hilo upesi ataona sifuri tu. Bali mwalimu aliyekaa katika kijiji kimoja miaka kadha aweza kusoma humo habari za nyumba nyingi: mavuno, mazishi, harusi, hata ugomvi. Muhula mmoja uliopita tuliona sifuri tisa zikifuatana mbele ya jina la binti mmoja wa darasa la tano, naye si mtoro. Siku ya kumi tulikwenda kwao. Tulimkuta amechutama mbele ya jiko anageuza vitumbua, machozi yakimtoka kwa moshi. Mama yake alikuwa amelala juu ya mkeka karibu na mlango, mkono wake wa kuume umefungwa kitambaa.

Mama huyo ni mpika vitumbua, naye huviuza mahali magari yanaposimama. Tulipompa pole na kumwuliza habari, alisema, "Mwalimu, homa ilinianza Jumatatu. Nikasema ni uchovu tu. Jumanne nikapika, Jumatano nikapika. Alhamisi kizunguzungu kikanishika hapo jikoni, mkono ukaingia katika mafuta." Tukamwuliza, "Na mbona, mama, hukulala siku ya kwanza, au kwenda zahanati?" Akatutazama kama mtu mzima amtazamavyo mtoto, akasema, "Nikilala, Mwalimu, nani atapika?"

Twakiri ya kuwa swali letu lilikuwa swali la mtu mwenye mshahara. Sisi tukishikwa na homa twatuma barua kwa mwalimu mkuu, twajifunika shuka, na mwisho wa mwezi fedha zetu huja kamili. Hata mtu aliyeajiriwa na mfanya biashara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, ana haki ya siku 126 za ugonjwa katika muda wa miezi 36, nazo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara wote, na 63 zilizobaki nusu. Mwanamke akizaa hupewa siku 84 na mshahara wake. Hayo ni mema. Lakini mpika vitumbua, muuza samaki, mfinyanzi wa vyungu, msusi wa mikeka, hao wote si waajiriwa wa mtu. Kila mmoja ni tajiri wa nafsi yake, na tajiri huyo hana sanduku la kumlipa mgonjwa.

Usiku ule tulikaa na kalamu tukajaribu kuhesabu gharama ya homa ile. Kama mama angalilala tangu Jumatatu na kunywa dawa, hasara ingalikuwa bei ya dawa na mauzo ya siku tatu au nne. Kwa kuwa alipika, mkono uliungua, na majuma matatu yakapotea. Mchele, sukari, nazi na mafuta aliyonunua kwa kazi vililiwa nyumbani, maana watoto hawangoji. Basi mtaji wenyewe ukaingia tumboni. Wateja wake wakazoea vitumbua vya mama mwingine. Akakopa kwa jirani ili aanze tena, na faida ya mwezi wa kwanza ikaenda kulipa deni. Na katika daftari letu sifuri za binti yule zilifika 17 kabla hajarudi, akakosa mtihani wa nusu muhula. Hiyo ndiyo gharama ya kufanya kazi katika ugonjwa, nayo haiandikwi mahali po pote.

Tukataka kujua kama watu wa nchi nyingine wamepata kulishughulikia jambo hili, tukatafuta katika vitabu.

Desturi ya kumlipa mgonjwa si ya kale sana. Serikali ya Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, yaani miaka miwili tu kabla ya kuanza kuishika nchi yetu. Mfanya kazi wa kiwandani alipougua alilipwa nusu ya ujira wake kuanzia siku ya tatu, hata majuma 13. Uingereza ilifuata mwaka 1911: mwanamume mgonjwa alipata shilingi 10 kwa juma, na mwanamke shilingi 7 na nusu, kana kwamba tumbo la mwanamke lashiba upesi zaidi. Bara Hindi ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1948, mwaka mmoja baada ya kujitawala. Sheria hizo zote zilijengwa juu ya nguzo moja, nayo ni tajiri. Yeye ndiye akataye fedha katika ujira, ndiye aongezaye sehemu yake, ndiye ashuhudiaye ya kuwa fulani ni mfanya kazi. Asiyekuwa na tajiri alibaki nje. Basi waliobaki nje walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa wanawake.

Habari iliyotupendeza kuliko zote ni ya mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, Bara Hindi. Jimbo hilo si geni kabisa kwetu, kwa maana Wahindi wengi ambao wazee wao walifungua maduka katika miji ya pwani yetu walitoka upande huo. Mji wenyewe ulijulikana kwa viwanda vya nguo. Mwaka 1918 wafanya kazi wa viwanda hivyo waligoma, na aliyewaongoza ni Gandhi, akisaidiwa na Bibi Anasuya Sarabhai, ambaye ndugu yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye viwanda. Katika mgomo huo kilizaliwa chama cha wafanya kazi wa nguo mwaka 1920, chama chenye nguvu na nidhamu. Mwaka 1954 chama hicho kilifungua idara ya wanawake, ili wake na binti za wafanya kazi wafundishwe kushona na kufuma. Walidhani ya kuwa wanawake hao ni watu wa nyumbani tu.

Mwaka 1968 idara hiyo ilipata mkuu mpya, jina lake Ela Bhatt. Alizaliwa mjini humo mwaka 1933, akasomea sheria, akaingia katika kazi za chama mwaka 1955. Wasimulizi humtaja kuwa ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya upole. Mwaka 1971 walimjia wanawake waliotoka mashamba, ambao kazi yao ilikuwa kuvuta mikokoteni katika soko la nguo, nao walikuwa wakilala barabarani. Walitaka msaada wa kupata mahali pa kukaa. Bibi Bhatt akafuatana nao ili ajionee, na huko sokoni akawakuta wengine, wachukuzi wa majora ya vitambaa. Wanawake hawa walibeba mizigo kichwani toka duka la jumla mpaka duka la rejareja, nao walilipwa kwa safari moja moja, mzigo uwe mzito au mwepesi, njia iwe ndefu au fupi. Tena mara nyingi hawakulipwa haki yao yote, maana hapakuwa na mtu aliyeandika hesabu. Mwenye duka alisema umekwenda mara nane, mchukuzi akasema kumi, na neno la mwenye duka ndilo lililoshinda.

Hapo Bibi Bhatt alifanya jambo ambalo sisi tulicheka tulipolisoma. Aliandika habari za wachukuzi katika gazeti. Wafanya biashara wakakasirika, wakaandika jibu katika gazeti lingine ya kwamba maneno hayo si kweli, wao huwalipa wanawake vizuri, na bei zenyewe ni hizi na hizi. Bibi Bhatt hakubishana nao. Alizichukua bei walizozitangaza wenyewe, akazipiga chapa juu ya vikadi, akawagawia wachukuzi. Tangu siku hiyo mwanamke alipopunjwa alionyesha kadi.

Habari ikaenea. Wanawake wanunuao nguo kuukuu na kuziuza wakaja na mashaka yao, na katika mkutano uliofanywa katika bustani ya mji mwezi wa Desemba 1971 mmoja wao akasema yafaa wawe na chama chao wenyewe. Hivyo kilianza Chama cha Wanawake Wanaojifanyia Kazi, ambacho kwa ufupi huitwa SEWA. Na neno hilo katika lugha yao lina mlio wa neno lenye maana ya utumishi. Walipokwenda kuandikisha chama, idara ya kazi ilikataa. Ilisema: chama cha wafanya kazi ni cha kudai haki kwa tajiri, ninyi hamna tajiri, mtadai kwa nani? Msomaji ataona ya kuwa ni ile ile nguzo ya sheria za 1883 na 1911. Wanawake walijibu ya kuwa umoja si wa kupigana na mtu tu, bali ni wa kusimama pamoja. Mashindano yakaendelea, na mwezi wa Aprili 1972 chama kikaandikwa.

Shida ya kwanza waliyoishughulikia ilikuwa fedha. Muuza mboga wa Ahmedabad aliweza kukopa asubuhi rupia 50 za kununulia mboga, na jioni akarudisha 55. (Rupia ni fedha ambayo babu zetu nao waliitumia hapa kabla ya shilingi.) Riba ya rupia 5 kwa siku moja! Mtu akiikopa hivyo kila siku kwa mwezi mzima, amelipa riba kupita mara mbili ya mtaji wenyewe, na mtaji bado si wake. Mabenki hayakuwataka, kwa kuwa hawakujua kusoma wala kutia sahihi, na akiba yao ilikuwa ya kuhesabiwa kwa senti. Basi wanawake 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja, wakaanzisha benki yao ya ushirika mwaka 1974. Kwa kuwa wengi hawakuweza kuandika majina yao, kila mmoja alipigwa picha pamoja na nambari ya hesabu yake, na picha hiyo ikawa sahihi yake. Sisi walimu hupenda kusema ya kuwa asiyejua kusoma hawezi kitu. Habari hii ilituaibisha kidogo.

Sasa twafika penye kiini cha habari yetu. Benki ilikwenda vizuri, wanawake wakilipa madeni yao kwa uaminifu. Hata hivyo walikuwako wasiolipa, na viongozi wakataka kujua sababu. Wangaliweza kusema, kama mabenki mengine yasemavyo, ya kuwa maskini si waaminifu. Badala yake walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Jibu walilolipata mara nyingi kuliko yote lilikuwa ugonjwa. Mwanamke ameugua, au mtoto wake, au mumewe, na mkopo aliochukua kununua mkokoteni umekwenda kwa mganga na kwa muuza dawa. Tena waliwatafuta wengine wasiwaone, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufa, na wengi katika hao walikufa katika kuzaa.

Fikirini jambo hili, wasomaji. Daftari la benki lilikuwa na alama ya deni lisilolipwa mbele ya jina la mtu, kama daftari letu lilivyo na sifuri. Aliyetazama upesi aliona mdeni mbaya.

Walipoendelea kuchunguza waliona ya kuwa kila kazi ina ugonjwa wake. Wanawake wasokotao bidi, yaani sigara ndogo za jani, hukaa kitako kutwa nzima na sinia magotini. Migongo huwauma, na vumbi la tumbaku huwaingia kifuani wakakohoa. Watoto wao hulala pembeni katika vumbi hilo hilo. Wachukuzi huumia shingo na viuno. Washonaji macho huwafifia. Huko nyikani Kutch wako wavunao chumvi, ambao husimama katika maji ya chumvi kwa miezi mingi ya mwaka, hata miguu yao hukauka na kuwa migumu. Na watu wa huko husimulia ya kuwa maiti zao zikichomwa kwa desturi ya Kihindu, miguu huchelewa kuungua. Hakuna hata mmoja wa hao aliyeweza kupumzika, maana kazi yao hulipwa kwa hesabu ya vitu, elfu moja ya bidi kwa ujira kadha. Vidole vikisimama, ujira umesimama.

Wala mtu asidhani ya kuwa wanawake hao walikuwa wakitafuta fedha za mapambo. Mumewe wa wengi alikuwa mfanya kazi wa kiwanda cha nguo, mwenye bima ya serikali ya mwaka 1948. Lakini katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vya Ahmedabad vilifungwa kimoja baada ya kingine. Wanaume waliokuwa na haki ya siku za ugonjwa wakarudi nyumbani bila kazi, na nyumba ikaliwa na vidole vya yule asiyekuwa na haki hiyo.

Chama kilianza na wajawazito. Mwanachama aliyejiandikisha alipata fedha kidogo wakati wa kujifungua, na samli, ili apate kukaa nyumbani siku kadha na kurudisha nguvu. Samli hiyo twaiona kuwa ni jambo la akili kubwa, kwa kuwa fedha ikiingia nyumbani hugawanywa kwa wote, bali samli ya mzazi kila mtu ajua ni ya mzazi. Kisha wakaendea makampuni ya bima. Kwa miaka mingi walijibiwa ya kuwa maskini huugua mno, hawafai kukatiwa bima. Hilo ni neno la ajabu. Ni kama mwenye mtumbwi kusema havushi wasiojua kuogelea. Mwishowe, mwaka 1992, mpango wa bima ulianza, na ndani yake mlikuwa kifo, kulazwa hospitali, na kupotea kwa nyumba au vyombo vya kazi. Aliyeweza alilipa kila mwaka. Aliyetaka aliweka amana katika benki ya chama, na faida ya amana hiyo ikamlipia bima bila yeye kutoa tena.

Mpango huo ulijaribiwa sana. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa la nchi liliangusha miji na vijiji vya Gujarat, na mwaka uliofuata fitina kati ya Wahindu na Waislamu ikachoma nyumba nyingi mjini Ahmedabad. Chama kilikuwa na wanachama wa dini zote mbili. Mawakala wake walipita katika vifusi na majivu wakiandika madai, na fedha zililipwa.

Lakini tusisifu tu, maana habari yenye sifa tupu haina faida kwa msomaji. Bima hiyo iliposhughulikia ugonjwa ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza, mgonjwa alipaswa kulipa hospitali kwanza kwa fedha zake, kisha akusanye hati, apeleke dai, na kungoja. Mwenye fedha aliweza kungoja. Asiyekuwa nayo alimrudia mkopeshaji yule yule wa asubuhi na jioni. Ya pili, bima ililipa kwa aliyelazwa hospitali. Mwenye homa aliyelala nyumbani siku tano hakupata kitu, ijapokuwa hasara yake ni ile ile ya mpika vitumbua wetu. Baadaye chama kiliongeza bima ya namna nyingine, ambayo haiulizi bei ya dawa, bali hutoa posho ya kila siku ambayo mwanachama amelala hospitali, kwa ajili ya ujira alioukosa. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, walipoligusa jambo lenyewe: kwamba mgonjwa anayejifanyia kazi ana madeni mawili, moja la dawa na moja la siku.

Liko na jambo jingine, nalo twalisema kwa heshima. Waliposoma madai ya wanawake, wenye bima waliona ya kuwa wengi walilazwa hospitali ili kuondolewa mji wa mimba, tena wanawake ambao hawajafika hata miaka 40. Wataalamu walipowauliza, walijua ya kuwa wengi walikuwa na maradhi ambayo yangaliweza kutibiwa kwa njia nyepesi zaidi, kama wangalipata mganga mapema. Lakini mwanamke wa kibarua cha shamba hawezi kwenda kwa mganga mara kwa mara, wala hawezi kukosa siku kila mwezi kwa damu na maumivu. Akaona afadhali akatwe mara moja ayamalize, arudi kazini. Waganga wengine, kwa tamaa ya fedha, hawakumzuia. Hapa gharama ya kutopumzika haikulipwa kwa fedha, ililipwa kwa mwili. Chama kilipoona hivyo kilianza kuwafundisha wanachama habari za maradhi hayo, na kuwashauri waulize mganga wa pili kabla ya kukubali kisu.

Bibi Bhatt na wenzake walipatwa na mengi ambayo hatuna nafasi ya kuyasimulia. Mwaka 1981 chama kikubwa cha wafanya kazi wa nguo, mama yao, kiliwafukuza, baada ya Bibi Bhatt kuwatetea watu wa tabaka la chini katika fitina iliyotokea juu ya nafasi za masomo ya uganga. Mwaka 1987 serikali ya Bara Hindi ilimweka kuwa mkuu wa tume ya kuchunguza hali ya wanawake wanaojifanyia kazi katika nchi nzima, na taarifa ilitoka mwaka 1988. Alifariki mwezi wa Novemba 2022, mwenye umri wa miaka 89. Wanachama wa chama alichokianza wamepita milioni 2.

Afrika nayo ilisikia. Mwaka 1994 wanawake wa Durban, Afrika ya Kusini, wauza vitu barabarani na wafanyao kazi majumbani mwao, walifanya chama kwa mfano wa kile cha Ahmedabad. Kilidumu miaka 10, kikafungwa mwaka 2004. Na katika mji huo huo mwaka 2002 ulianzishwa muungano wa vyama vya wauzaji wa barabarani wa nchi nyingi. Kwetu Tanzania mfuko wa afya ya jamii ulianza kujaribiwa katika wilaya ya Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hatudharau hata moja ya kazi hizo. Mwenye umri kama wetu akumbuka jinsi mgonjwa alivyobebwa na kurudishwa kwa kukosa fedha ya daftari na sindano. Lakini zote hizo humlipa mganga. Hazinunui unga wa jioni ile, nazo haziwezi kumfanya mpika vitumbua aseme Jumatatu, "Leo nalala."

Wanawake wetu wenyewe wamekwisha kuanza, ijapokuwa kwa kiasi kidogo. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, vile viitwavyo VICOBA, huwa na mfuko wa jamii mbali na fedha za hisa, na kila mkutano kila mtu hutia kitu kidogo humo. Mara nyingi mfuko huo hufunguliwa kwa msiba. Aliyefiwa hupewa, na hakuna anayenung'unika. Tumewauliza baadhi ya akina mama mbona aliyefiwa apewe na mwenye homa asipewe, nao wakajibu ya kuwa kifo hakina udanganyifu, bali homa kila mtu aweza kusema anayo. Ni neno la haki. Wa Ahmedabad walilitatua kwa kudai hati ya hospitali, na tumeona jinsi dawa hiyo ilivyozaa ugonjwa mwingine. Katika kijiji, ambapo kila mtu ajua jiko la nani halikuwashwa leo, twadhani ushahidi si mgumu kupatikana kama ulivyo mjini. Lakini sisi si wanachama, na haifai mwalimu kuwaamulia wenye fedha zao.

Yule mama mkono wake umepona, ila kovu limebaki, na vidole viwili havikunjiki vizuri. Amerudi mahali pake magari yanaposimama. Baada ya mavuno kikundi chake kilikubaliana kuwa na kisanduku cha pili, kidogo, cha wagonjwa tu, na mashahidi ni majirani wawili wasio ndugu wa mgonjwa. Kimefunguliwa mara moja mpaka sasa, kwa muuza ndizi mmoja aliyeshikwa na homa ya matumbo. Fedha zilizokuwamo zilitosha chakula cha nyumba yake kwa siku nne. Alilala siku nne. Siku ya tano tulimwona kituoni na ungo wake kichwani, anatembea polepole.